Zamani ya Matangazo na Zamani ya Watu

Miongoni mwa imani zinazoshikiliwa bila kuchunguzwa magharibi mwa Kenya, ipo ile isemayo kwamba matangazo ya biashara ya zamani, hasa ya bia na ya vyombo vya muziki vya nyumbani, yamehifadhi sura ya maisha yaliyokuwa na staha na bidhaa imara kuliko haya ya leo. Picha za matangazo hayo, yaliyotolewa katika magazeti ya enzi za Baraza na Taifa Leo ya mwanzo, hupitishwa kutoka simu hadi simu na kutundikwa katika kuta za baa, nazo hupokewa kwa masikitiko, kana kwamba watazamaji wake wamepokonywa kitu walichokuwa nacho. Kwa upande wa Kitale na Bungoma, imani hiyo haina msingi, kwa kuwa wazazi na babu za wengi wa watazamaji hao hawakuwahi kupokonywa maisha hayo; hawakuwahi kupewa.

Bia ndiyo yenye ushahidi mzito zaidi. Kampuni ya Kenya Breweries ilianzishwa mwaka 1922, na bia yake ya Tusker ikapata jina kutokana na tembo aliyemuua mmoja wa waasisi, George Hurst, mwaka uliofuata. Kisa hicho husimuliwa kwa fahari hata na wasiojua kwamba, kwa takriban robo karne baada yake, sheria ya kikoloni iliwakataza Waafrika bia ya chupa, na kwamba marufuku hiyo haikuondolewa hadi miaka ya 1940 ilipokaribia kwisha. Kitale, iliyofikiwa na reli mwaka 1926, ilikuwa soko la walowezi, yaani wakulima Wazungu waliogawiwa mashamba ya Trans Nzoia, na kibarua aliyening'iniza kipande shingoni, hicho kikiwa kitambulisho ambacho kila mwanamume Mwafrika alilazimishwa kukibeba, angeweza kuyashusha makreti ya bia kutoka kwenye behewa lakini akionja chupa moja alikuwa mhalifu. Tangazo la miaka hiyo, lipendeze vipi, lilimpita kibarua huyo na kuzungumza na bwana wake.

Marufuku ilipoondolewa, matangazo yalimgeukia Mwafrika, ila aghalabu Mwafrika wa aina moja, mwenye mshahara wa mwezi, tai shingoni na bilauri mkononi. Wakati huohuo kinywaji cha vijiji vya Bungoma kilikuwa busaa, pombe ya unga wa mahindi uliochachushwa na kukaangwa, kisha ukachanganywa na kimea, yaani wimbi lililoloweshwa likaota na kukaushwa. Wazee wa Kibukusu huinywa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja, nayo ina nafasi yake katika shughuli za tohara zinazofanyika Agosti ya kila mwaka unaogawika kwa mbili. Pombe hiyo haikuwa na mchoraji wa kuipamba gazetini, na waliojua kuitengeneza, wengi wao wanawake waliolipia karo kwa mapato yake, hawakutokea katika tangazo lolote la bia, isipokuwa kama mtu ataihesabu ile sura ya mwanamke mwenye sinia anayemtabasamia mnywaji.

Mambo hayakuishia kwenye kupuuzwa. Muda mfupi baada ya Daniel arap Moi kuingia madarakani mwaka 1978, serikali ilisimamisha leseni za vilabu vya busaa, na mwaka 1980 Bunge likapitisha sheria ya kupiga marufuku chang'aa, pombe kali inayopatikana kwa kuchemsha pombe iliyochacha na kuukusanya mvuke wake. Sheria hiyo haikufutwa hadi mwaka 2010. Kwa miaka 30, basi, tangazo la bia ya chupa na msako wa polisi vilikuwa vikimfanyia kazi mtengenezaji mmoja, na ni vigumu kuamini kwamba tangazo ndilo lililofanya kazi kubwa zaidi. Anayeitazama leo picha ya chupa yenye umande na kuona ndani yake utulivu wa zama zilizopita anautazama upande mmoja wa sera ambayo upande wake wa pili ulikuwa mitungi iliyovunjwa na akina mama waliopakiwa kwenye malori ya polisi.

Kuhusu vyombo vya muziki, udanganyifu ni wa namna nyingine. Kitu kinachotamaniwa zaidi katika picha hizo ni radiogramu, kabati la mbao iliyong'arishwa lililounganisha redio na mashine ya kuchezea santuri, huku familia nzima ikiwa imelizunguka sebuleni. Chombo hicho kilihitaji umeme wa nyaya, na nyaya hizo hazikufika katika vijiji vingi vya Chwele, Kimilili au Endebess ila katika kumbukumbu za vijana wa leo. Mpango wa serikali wa kuunganisha nyumba za mashambani, uitwao Last Mile, ulianza mwaka 2015. Sauti ya Kenya, kama redio ya taifa ilivyoitwa kabla ya kuwa KBC mwaka 1989, ilisikika huko kwa redio ndogo za transista zilizotumia mawe, yaani betri, na mawe yenyewe, yakiwemo yaliyotoka katika kiwanda cha Eveready cha Nakuru kilichofungwa mwaka 2014, yalipodhoofu yalianikwa juani ili yatoe angalau taarifa ya habari ya jioni. Huo ndio uliokuwa usikilizaji wa walio wengi, na hakuna anayeutundika ukutani.

Hoja ya uimara wa bidhaa za zamani haistahili maneno mengi. Redio ya mwaka 1965 inayoonekana leo ni ile iliyosalimika, wakati zilizokufa zilitupwa zamani na hazina wa kuzishuhudia. Na hata hiyo iliyosalimika aghalabu inaishi kwa fadhila za mafundi wa mitaani, ambao tangazo halikuwataja.

Linaloonyesha vizuri zaidi kwamba majonzi haya hayahusu wakati wowote halisi ni wepesi wa kuyahamisha. Michael Power, shujaa wa kubuni wa matangazo ya Guinness yaliyoanza mwaka 1999 na kuzaa filamu nzima mwaka 2003, tayari anakumbukwa kama kielelezo cha zama bora. Miaka hiyo wakulima wa miwa na mahindi wa maeneo hayohayo walikuwa wakilalamikia malipo yaliyochelewa na bei duni. Na mwigizaji wa Power, Cleveland Mitchell, hakuwa hata mwenyeji wa Afrika Mashariki.

Kampuni ya East African Breweries yenyewe, mmiliki wa Kenya Breweries, kwa matendo, imekwisha kukiri kile ambacho wapenzi wa matangazo yake ya kale hawataki kukisikia. Mwaka 2004 ilileta Senator, bia ya pipa iliyosamehewa ushuru ili bei yake imfikie mnywaji wa chang'aa, na serikali ilipoitoza ushuru wa asilimia 50 mwaka 2013, mauzo yaliporomoka. Ikiwa nyongeza hiyo ya bei ilitosha kuwafukuza wanywaji wa karne hii, chupa ya mwaka 1965 ilikuwa ya nani katika kijiji kilichoishi kwa mavuno ya mara moja kwa mwaka? Mtafiti anayetaka kujua walivyokunywa watu wa Kiminini au Webuye mwaka 1985 atanufaika zaidi na majalada ya mahakama za mahakimu, kwenye mashtaka ya busaa na chang'aa, kuliko na mkusanyo wowote wa mabango yenye tembo.