Nusu ya Yuniti

Sheria ya Kawi iliyopitishwa Kenya mwaka 2019 ilimpa mwenye nyumba haki mpya. Mtu aliyeweka paneli za jua juu ya paa lake, maadamu mtambo wake hauzidi megawati moja, aliruhusiwa kuunganishwa na gridi ya taifa, akatoa umeme unaomzidia mchana na kuhesabiwa alichotoa katika deni lake. Haki hiyo ilikaa kitabuni miaka mitano, maana kanuni za kuitekeleza hazikutoka mpaka mwaka 2024. Zilipotoka zilikuja na hesabu yake: atoaye yuniti mbili huandikiwa moja.

Hesabu hii imezua makundi mawili ya wabishi, na yote mawili yamepotea njia.

La kwanza ni la wauzaji wa paneli na wateja wao, ambao hulia kuwa wamenyang'anywa nusu ya mali yao. Hoja yao si dhaifu kama watetezi wa kampuni ya umeme wapendavyo kuionyesha. Umeme utokao juu ya paa la nyumba ya Nyali saa sita mchana hausafiri kwenda Olkaria ukapumzike. Huingia nyumba ya jirani, ukachemsha chai yake na kuendesha friji yake, na mita ya jirani huuhesabu yuniti nzima kwa bei kamili. Kampuni imepokea kwa nusu na kuuza kwa nzima, wala umeme wenyewe haukuvuka hata barabara.

Walakini Mgala muue na haki yake mpe. Nguzo hazioti kama minazi, na transfoma ikiungua haijitengenezi. Kenya ilifuta ada ya kudumu ya kila mwezi kwa wateja wa nyumbani mwaka 2018, na tangu hapo gharama ya nyaya imefichwa ndani ya bei ya kila yuniti. Anunuaye yuniti nyingi huchangia nyaya sana, anunuaye chache huchangia kidogo, na asiyenunua hachangii kitu, hata kama nyaya hizo zimefika mlangoni pake na humwokoa kila siku ya mawingu. Mwenye jumba lenye paneli ishirini, lau angehesabiwa yuniti kwa yuniti, angeweza kumaliza mwezi bila ya deni, na sehemu yake ya nguzo ingewaangukia wenzake, akiwamo muuza mboga anunuaye umeme wa shilingi mia kwa simu. Kundi la pili huliona jambo hilo, na kwa kuliona lina haki. Kosa lake ni kudhani kwamba nusu imeliponya.

Nusu haikuliponya kwa sababu haikuuliza saa. Mchana Kenya haina uhaba mkubwa wa umeme: mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji ya mabwawa ya Tana, upepo wa Turkana na umeme ununuliwao Ethiopia huweza kubeba sehemu kubwa ya mzigo. Shida huja saa moja jioni, watu warejeapo majumbani, wakawasha taa, runinga na majiko kwa pamoja. Mwaka 2025 mahitaji ya kilele yalipita megawati 2,300, na kilele hicho huja jua limekwisha kuzama. Hapo huwashwa mitambo ya mafuta, na gharama ya mafuta hayo haifichwi. Huandikwa waziwazi katika kila ankara, ya tajiri na ya maskini. Basi yuniti ya saa sita mchana na yuniti ya saa mbili usiku ni bidhaa mbili. Kanuni zimezitia katika pishi moja, zikazikata nusu zote mbili, na zikajiona zimefanya uadilifu.

Tazama sasa linalompata mwenye betri. Betri ya lithiamu hurudisha takriban yuniti tisa katika kila kumi ilizopokea. Gridi, kwa hesabu ya kanuni, hurudisha tano. Mtu mwenye akili timamu na fedha kidogo hahitaji mshauri: atanunua betri, na bei za betri zimeshuka sana tangu mwaka 2010, atafungia jua lake ndani, na saa mbili usiku, wakati ambapo yuniti yake moja ingezima mafuta mahali fulani, hatatoa hata moja, maana akitoa ataandikiwa nusu. Mwaka utakaofuata ataongeza betri ya pili, na wa tatu atauliza kwa nini asikate waya kabisa. Akikata, nguzo zitabaki na muuza mboga. Kanuni iliyoandikwa ili tajiri asimwachie maskini mzigo wa nyaya ndiyo inayomfungulia tajiri mlango wa kutokea.

Wauzaji wa paneli nao hawana usafi wa kujivunia. Wangapi humwambia mnunuzi, kabla hajatoa fedha, kwamba inveta ya kawaida ya kuungana na gridi hujizima mara umeme wa gridi ukatikapo, hata jua likiwa utosini? Hujizima kwa haki, kwani isipojizima itatia umeme katika waya ambao fundi aliye juu ya nguzo anauamini kuwa umekufa. Usiku wa 25 Agosti 2023, sehemu kubwa ya nchi ilipotiwa giza, aliyekuwa na paneli bila ya betri alikuwa na vioo juu ya paa.

Saa inaweza kuhesabiwa. California, iliyokuwa ikihesabu yuniti kwa yuniti karibu, iligeuza hesabu yake kwa walioomba kuunganishwa kuanzia 15 Aprili 2023: malipo ya umeme utolewao hufuata thamani yake katika saa ile, yakawa madogo mno mchana na makubwa jioni za mwisho wa kiangazi. Wafungaji wa paneli walipata hasara na wengine walifunga milango, jambo lisilostahili kufichwa. Lakini wateja wapya wakaanza kununua paneli pamoja na betri kwa wingi usiowahi kuonekana huko.

Kenya haina haja ya kuiga yote. Yatosha yuniti ya mchana ilipwe kidogo, hata chini ya nusu, na ya jioni ilipwe kamili au zaidi. Na mwenye paneli alipe ada ya nyaya kila mwezi kwa kadiri ya mtambo wake, iandikwe mahali pake na jina lake, isijifiche ndani ya nusu. Mteja mdogo asiyepita yuniti 30 kwa mwezi asiguswe.

Itasemwa kwamba mita za kuhesabu saa ni ghali na kazi yake ni ngumu. Wenye viwanda hawakuambiwa hivyo. Tangu Desemba 2017 viwanda vimekuwa na bei ya saa, na umeme wa usiku wa manane, wakati mvuke wa Olkaria hauna mnunuzi, wameuziwa kwa nusu ya bei. Mita zao zilifungwa, saa zao zikahesabiwa, na ankara zao zikatoka.