Mtoto anaumwa kichwa kwenye boti? Kagua ekzosi kabla ya kulaumu mawimbi

Boti imetia nanga na bahari imetulia kabisa. Baba amewasha injini ili kuchaji betri, mama yuko juu anaanika taulo. Mtoto wa miaka sita aliyelala chini kwenye kabini anaamka, anasema kichwa kinamgonga na anataka kutapika. Jibu la wazazi wengi ni la haraka: bahari imemlevya. Anapewa maji, anaambiwa arudi kulala.

Lakini mawimbi yako wapi? Mtoto anayeumwa kichwa bahari ikiwa shwari, tena injini ikiwa inanguruma, huenda anavuta moshi wa ekzosi. Kumrudisha kabini kunaweza kumuua.

Familia zinazosafiri kwa boti za matanga, ziwe zinazotia nanga Kilifi, Tanga na Unguja au zile za Ulaya na Marekani, hazitegemei upepo peke yake. Karibu kila boti ya aina hiyo ina injini ndogo ndani, mara nyingi chini ya ngazi ya kushukia kabini. Ekzosi yake hutoka hapo na kupita ndani ya boti hadi nyuma, na njiani hupita chini au kando ya kile kitanda chembamba ambacho wazazi wengi humpa mtoto.

Gesi ya kuogopwa hapa ni kaboni monoksaidi, ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Haina rangi, haina harufu. Ikiingia kwenye damu hushika himoglobini kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo mwili unakosa oksijeni huku mtu anaendelea kupumua kama kawaida. Watoto hupumua haraka kuliko watu wazima, ndiyo maana mara nyingi wao huanza kuumwa. Mjamzito naye asiwe karibu, kwa sababu gesi hiyo humfikia mtoto tumboni.

Kukaa nje nako si kinga. Mwaka 2000, katika Ziwa Powell nchini Marekani, ndugu wawili wadogo walikufa wakiogelea nyuma ya boti-nyumba ambayo jenereta yake ilikuwa inatoa moshi upande huo. Wachunguzi wa NIOSH, taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia afya na usalama kazini, walipopima boti za aina hiyo walikuta gesi kwa kiwango cha kuua katika uwazi ulio chini ya jukwaa la nyuma.

Injini za petroli ndizo mbaya zaidi. Boti nyingi za zamani za Marekani zilifungwa injini ya petroli iitwayo Atomic 4, na baadhi bado zinatembea. Dizeli hutoa kaboni monoksaidi kidogo kuliko petroli, lakini kidogo hicho kikijaa kabini iliyofungwa si cha kudharau.

Kwa nini ekzosi ya boti huoza? Kwa sababu ya maji ya chumvi. Pampu huvuta maji ya bahari kupoza injini, kisha maji hayo humwagwa ndani ya ekzosi kwenye elbo ya chuma, yakachanganyika na moshi wa moto ili mpira unaofuata usiungue. Elbo hiyo huteseka kuliko kifaa kingine chochote: chumvi inaila kwa ndani, masizi yanaiziba, na kwa nje inaweza kuonekana nzima hadi siku inapotoboka. Baada yake kuna sailensa inayokusanya maji, halafu mpira mrefu unaopanda juu kidogo kabla ya kutokea nyuma, ili mawimbi yasiingie.

Dalili zipo kwa anayeangalia. Masizi meusi kwenye maungio, mpira uliolainika au kupasuka, maji machache yanayotoka nyuma, mvuke mwingi, harufu ya moshi kabini.

Hapo ndipo hujitokeza jaribu la kubandika kiraka. Fundi anafunga tepu ya joto, anakaza kibano, safari inaendelea. Kwa boti ya kubeba mizigo pengine mtu angesamehe, lakini boti anamolala mtoto inahitaji mfumo mzima ubadilishwe: elbo, gasketi, sailensa na mpira wote. Mpira uwe ule uliotengenezwa kwa ekzosi ya boti. Wa bustani haufai, na wa rejeta haufai. Usiwe mwembamba kuliko tundu la kutolea moshi kwenye injini. Kila mwisho ufungwe vibano viwili vya chuma kisichoshika kutu. Sailensa ikae chini ya usawa wa elbo ili maji yasirudi kwenye injini.

Kazi yenyewe ni ya jasho. Bolti za elbo huwa zimeganda, na kuzilazimisha ni kuzikata. Zipakwe mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake. Injini ikigoma kuwaka baadaye, koki ya maji ya bahari ifungwe kabla ya kuendelea kupiga starta, maana pampu huendelea kusukuma maji ambayo moshi hauyatoi, na mwishowe yanaingia kwenye silinda.

Wakati wa kujaribu, watoto washuke nchi kavu. Injini iwashwe, maji yaonekane yakitoka nyuma, kila ungio liangaliwe kwa tochi, na mpira uguswe kwa tahadhari: ukichoma mkono, maji hayafiki. Kisha king'ora cha kaboni monoksaidi kilichotengenezwa kwa ajili ya boti kifungwe karibu na vitanda, na kijaribiwe kabla ya kila safari.

Na yule mtoto wa kabini? Atolewe nje kwenye hewa safi mara moja, injini izimwe, wote wahesabiwe, kisha apelekwe hospitali hata kama anasema amepata nafuu. Kile kifaa cha kubana kidoleni kinaweza kuonyesha oksijeni 98, kwa sababu hakitofautishi gesi hii na oksijeni. Akivuta hewa ya kawaida, nusu ya sumu huchukua saa nne hadi sita kutoka kwenye damu. Kwa oksijeni ya hospitali ni karibu saa moja na nusu. Daktari aambiwe mapema kwamba injini ilikuwa inawaka, la sivyo naye anaweza kuandika kuwa ni bahari.