Shabaha Isibaki Starehe ya Wachache

Katika vijiji vilivyo kandokando ya barabara itokayo Dumila kwenda Kilosa mjini, Msowero ikiwa mojawapo, mtoto hujifunza kulenga kabla hajajua kuandika jina lake. Mpunga unapotoa masuke, watoto huenda shambani na manati zao kuamia ndege. Mahindi yanapokomaa, zamu huwa ya wakubwa, kwa maana nguruwe-mwitu na nyani hawatishwi na kokoto. Hakuna mkulima anayeuita ujuzi huo mchezo. Ni kazi, na kazi ya usiku kucha.

Hata hivyo kulenga shabaha ni mchezo, tena mchezo wa heshima, uliokuwamo katika Olimpiki ya kwanza ya zama hizi iliyofanyika Athens mwaka 1896. Historia ina kejeli zake. Mwaka huohuo wa 1896, Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani katika nchi hii, alitoa amri ya kudhibiti uwindaji na kuwataka wawindaji walipie vibali. Hivyo, wakati Ulaya ikipeana nishani kwa kulenga vizuri, mwananchi wa hapa, aliyekuwa akilenga kwa ajili ya kitoweo na ulinzi wa shamba, alianza kuitwa mhalifu. Bunduki ya starehe ikawa ya bwana. Gobore likawa la kufichwa darini.

Fikira hiyo haijatoka vichwani. Akitajwa leo mtu mwenye kulenga shabaha kwa kujifurahisha, wengi humwona akilini bwana mwenye kofia pana, gari la safari na fedha za kuchezea. Na si uongo mtupu: bunduki ni ghali, risasi ni ghali, na leseni ina masharti, kama inavyopasa. Lakini kosa si la mchezo. Kosa ni kuuacha mchezo mikononi mwa wenye fedha, kisha kuulaumu kwamba ni wa wenye fedha.

Taifa hili limewahi kufikiri vingine. Baada ya Guinea kuvamiwa mwezi Novemba 1970, Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulitamka kwamba ulinzi wa nchi ni jukumu la umma, na mgambo wakapewa uzito mpya. Wakulima na makarani walilala kifudifudi bega kwa bega, wakafundishwa kutuliza pumzi na kubana kifyatulio bila kukipapatua. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 viliwakuta baadhi yao tayari. Mafunzo yanapokwisha, bunduki hurudi ghalani, na hiyo ni haki kabisa. Ujuzi, hata hivyo, hurudi nyumbani na mwenyewe ukakae bure. Mwenye mbio ana kiwanja cha kukimbilia, mwenye mpira ana timu ya kata. Mwenye jicho na mkono mtulivu hana mahali popote.

Wapo watakaosema, na kwa hasira ya haki, kwamba Kilosa si mahali pa maneno haya. Mwezi Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni, katika wilaya hiihii, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Anayetaja shabaha kama burudani mbele ya waliofiwa hana budi kupima kila neno. Je, vijana wa wilaya yenye kidonda hicho ndio wafundishwe kulenga?

Swali ni zito, na jibu lake haliwezi kuwa la mkato. Kwanza, hoja hii haihusu kuongeza bunduki hata moja kijijini. La hasha! Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ipo, na Serikali ilitoa msamaha kwa wenye kusalimisha silaha haramu mwaka 2022, ikarudia tena mwaka 2023. Magobore yaliyosalia darini yaendelee kusalimishwa. Klabu ya risasi za moto katika kijiji ni jambo la kukataliwa waziwazi, hata akiliomba mtu mwenye sifa njema kiasi gani.

Pili, ni lazima ieleweke mchezo wenyewe unafundisha nini. Katika shindano la bunduki ya upepo, mlengaji husimama mita 10 kutoka kwenye ubao. Risasi yake ndogo ina unene wa milimita 4.5, na kitone cha alama kumi kina upana wa nusu milimita tu. Hupiga mara 60. Pigo la moyo wake mwenyewe huweza kumkosesha, seuze hasira. Mwenye jazba hashindi kamwe. Kanuni ya kwanza uwanjani si kupiga bali kutopiga: mtutu hauelekezwi kwa mtu hata ukiwa mtupu, na msimamizi akitamka neno la kusimamisha, kila mkono huachia. Hapo ndipo penye tofauti na silaha ya kificho, ambayo humfundisha kijana woga na kiburi kwa pamoja, bila mwalimu.

Wala mchezo huu haudai misuli wala kimo. Wanawake hushindana na wanaume katika timu za mchanganyiko. Katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, Yusuf Dikeç wa Uturuki, mtu wa miaka 51, alisimama na miwani ya kawaida, mkono mmoja mfukoni, akashinda nishani ya fedha pamoja na mwanamke mwenzake, Şevval İlayda Tarhan. India, taifa lenye mamia ya mamilioni ya watu, ilipata nishani yake ya kwanza ya dhahabu ya mtu mmojammoja mwaka 2008, na aliyeileta ni Abhinav Bindra, kwa bunduki ya upepo.

Msowero haina haja ya kuanzia huko. Ianzie kwenye upinde. Mashindano ya Olimpiki ya mishale ni ya mita 70, kwa ubao wenye kipenyo cha sentimita 122. Shule ya sekondari inaweza kuanza kwa mita 20 na gunia lililoshindiliwa majani. Fundi wa kijiji anaweza kuchonga upinde. Mgambo mstaafu mwenye sifa anaweza kusimamia mstari, na mwalimu wa michezo akaandika alama. Mfugaji na mkulima, ambao watoto wao husoma darasa moja, wasimamishe watoto hao kwenye mstari mmoja, katika timu moja.

Bunduki ya upepo ifuate baadaye, ikitunzwa na Polisi na kutolewa kwa siku za mashindano tu. Ofisi ya michezo ya wilaya haihitaji kungoja bajeti kubwa ili kujaribu hayo katika shule moja. Inahitaji uwanja wenye kilima cha udongo nyuma ya ubao, kamba ya kuzuia watazamaji, filimbi, na mwalimu ambaye wanafunzi husimama anaposema simameni.