Uvungu wangu wameuanika barazani

KIBARAZA CHA IJUMAA
Na Mzee Kidevu

Wiki hii nimekiona kitambulisho changu cha taifa mahali ambapo sikukiweka. Nilikuwa natafuta fomu ya mkopo kwenye tovuti ya chama chetu cha kuweka na kukopa (jina nalihifadhi, mwenyekiti ni jirani na nazi zake nazitegemea). Nikafuta kipande cha mwisho cha anwani, nikabonyeza. Badala ya ukurasa ikaja orodha ya mafaili, imetandazwa kama mitumba ya Karume: picha za wanachama, vitambulisho, risiti, na zipu moja nono yenye tovuti nzima na databesi yake.

Nikampigia kijana aliyeitengeneza. "Shikamoo mzee." Marahaba, uvungu wangu unafanya nini barabarani? Akacheka. "Mzee, hakuna anayejua kama yapo." Mimi nimejuaje, basi? Mimi, ambaye tochi ya simu ilinishinda kuizima miezi mitatu!

Hosting hizi za bei chee ni nyumba ya kupanga: seva moja, wapangaji kibao, kuta za plaiwudi. Ndani yake kila mpangaji ana folda iitwayo public_html. Hiyo ni baraza. Utakachotandika pale, mpita njia atakiona. Pale huwekwa vya wageni tu: index.php, picha, mapambo. Jiko na kabati la funguo hukaa uani, kwenye folda iliyo nje ya public_html, na index.php huelekezwa ivifuate huko. Laravel, kiunzi cha PHP kilichojenga tovuti yetu, yenyewe huja na folda ya public kwa kazi hiyo hiyo. Kijana wetu kaimwaga Laravel nzima barazani, pamoja na .env, faili linalobeba paswedi ya databesi kwa herufi za wazi. Nukta ile ya mbele haifichi kitu. Apache, programu ya seva inayowapa wageni kurasa, kwa kawaida yake hukataza yale yanayoanza na .ht tu. Nikaandika jina la faili kwenye brauza, likafunguka kama gazeti.

Na ruhusa za folda? "777, mzee, hiyo haisumbui." Haisumbui! Mama Chausiku naye aliacha mlango wa banda la kuku wazi kwa sababu komeo lilikuwa linamsumbua. Yaliyowapata kuku mnaweza kuyakisia. 777 ni kumwambia kila aliyemo kwenye seva ile: soma, andika, endesha. Folda zinatosheka na 755, mafaili 644, na .env, pale PHP inapoendeshwa kwa jina la mwenye akaunti, 600. Tarakimu tatu tu, hata mimi nimezikariri.

Msiniambie ni ugumu wa teknolojia. Ni uvivu, na mteja anayelipa nusu huku akitaka tovuti kesho asubuhi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu 2022, na inamdai aliyekusanya vitambulisho avilinde. Yaani chama. Yaani mwenyekiti wangu wa nazi.

Nimechungulia tena jana. Orodha imefungwa, zipu imeondoka, .env imehamia uani. Nikamuuliza kijana kuhusu paswedi, ile iliyolala barazani siku zote hizo.

"Ni ile ile, mzee. Tutaibadilisha mwisho wa mwezi."