TUHESABU PAMOJA: Magunia 27, jumla 42

Ndugu msomaji, chukua penseli. Ghalani pana magunia 27. Yamepangwa matabaka matatu, kila tabaka magunia tisa. Kila gunia limeandikwa namba kwa chaki, kuanzia 1 hadi 27. Namba hazirudiwi.

Tabaka la chini
1 – 17 – 24
15 – 19 – 8
26 – 6 – 10

Tabaka la kati
23 – 3 – 16
7 – 14 – 21
12 – 25 – 5

Tabaka la juu
18 – 22 – 2
20 – 9 – 13
4 – 11 – 27

Jumlisha mstari wowote, kushoto kwenda kulia. Utapata 42. Jumlisha kwenda chini katika tabaka lolote. Ni 42. Sasa panda juu: gunia 1 liko chini kabisa, juu yake liko 23, juu zaidi 18. Ni 42 tena. Usikubali kwa sababu nimeandika mimi. Jumlisha mwenyewe.

Mpangilio huu huitwa mchemraba wa ajabu, lakini uchawi haumo. Namba zote, 1 hadi 27, jumla yake ni 378. Mistari ya kulala ni tisa. Gawa 378 kwa 9, utapata 42. Wapo waliofika mbali zaidi. Mwaka 2003 Walter Trump wa Ujerumani na Christian Boyer wa Ufaransa walipanga hivyo namba 1 hadi 125, kwa msaada wa kompyuta. Kila mstari wao una jumla ya 315.

Tuseme mwandishi amekosea. Katika tabaka la kati, badala ya 21 ameandika 12. Mstari wa kulala unakuwa 33. Wa kwenda chini, 33. Wa kupanda, 33. Mistari hiyo mitatu inakutana kwenye gunia moja tu. Kosa umelikamata bila kumwuliza mtu.

Tazama pia upungufu wenyewe: ni 9. Tarakimu mbili zikibadilishana nafasi, tofauti hugawanyika kwa 9 sikuzote. Jambo hili ni la fedha, si mchezo tu. Ukiuza mazao, na daftari likatofautiana na mzani kwa 9, 18 au 27, tafuta kwanza namba iliyogeuzwa.

Zoezi: Umepima magunia matatu ya mahindi. Karatasi ya mzani inasema jumla ni kilo 251. Daftari la mnunuzi linasema 84, 91 na 67. Namba gani imegeuzwa? Andika jibu pembeni mwa ukurasa huu kabla hujamwonyesha jirani.