Tulikwenda Berlin Kusoma, Tukarudi na Masanduku

Wanachama waliotuchangia nauli wanangoja tuwaeleze habari za safari yetu, na sisi tumekaa kimya muda mrefu kupita kiasi. Leo tutasema, na tutaanza kwa kujisema wenyewe. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.

Tulikuwa watu 12. Mwezi Septemba mwaka 2025 tulipelekwa Ujerumani kusoma habari za vyama vya ushirika. Siku za masomo zilikwenda vema, wala hatuna la kulaumu. Tatizo letu ni Jumamosi moja tuliyopewa kuutembelea mji wa Berlin. Kule maduka hufungwa siku ya Jumapili, kwa hiyo kila mmoja wetu alijua kwamba asiponunua siku ile hatanunua tena. Tangu chai ya asubuhi macho yetu yalikuwa kwenye saa.

Kwanza tulifika Wilhelmstraße. Nyumba aliyokutania Bismarck na wajumbe wa mataifa 14 haipo tena. Lipo bango tu la kueleza. Mkutano ule ulianza tarehe 15 Novemba 1884 ukaisha tarehe 26 Februari 1885. Mambo ya Afrika yalikatwa pale, na Mwafrika hakuwamo hata mmoja. Kesho yake, tarehe 27, Kaisari alitia sahihi hati ya kuilinda kampuni ya Carl Peters katika nchi za Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami. Yaani nchi yetu ilichukuliwa kwa kalamu kabla wenyewe hawajapata habari. Hapo tulikaa dakika kumi. Mvua ilikuwa ikinyesha, na mwenzetu mmoja aliuliza mara mbili kama duka liko mbali.

Kutoka hapo tulikwenda kwenye jumba la makumbusho la Invalidenstraße. Ndani amesimama yule mjusi mkubwa wa Tendaguru, ambaye kila mtoto wa Lindi amepata kumsikia. Kimo chake kinapita mita 13, na mifupa yake ina umri wa miaka kama milioni 150. Tulisimama chini yake, tukainua shingo, tukapiga picha. Ndipo bibi mmoja Mjerumani, mtu wa makamo mwenye adabu, akatuuliza: "Ninyi mmetoka Tanzania? Nani waliichimba mifupa hii?" Tukatazamana. Watu 12 tuliosoma, hakuna aliyeweza kumjibu. Mmoja akasema, "Wajerumani," tukaondoka.

Tuliporudi nyumbani ndipo tulipofungua vitabu. Kazi ile ilifanyika kuanzia mwaka 1909 hata 1913. Wazungu wachache walisimamia na kuandika, lakini wachimbaji walikuwa watu wetu, mamia kwa mamia. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Mifupa na mawe yake, zaidi ya tani 200, ilibebwa kwa vichwa na mabega mwendo wa siku kadha mpaka bandari ya Lindi. Na kumbukeni, ndugu, vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha mwaka 1907 tu. Watu waliotoka katika moto na njaa ndio waliojitwika mzigo ule. Jina la Boheti tungaliweza kumtajia yule bibi, kama tungalijisomea jioni moja tu kabla ya kupanda ndege.

Alasiri tulipelekwa mtaa wa Wedding. Huko ipo barabara iliyopewa jina la Peters mwaka 1939, zama za Hitler. Wakazi na Waafrika waishio kule walipigana kwa maneno miaka mingi, na mwaka 2024 jina lile liliondolewa. Sehemu moja ya barabara ile leo inaitwa Maji-Maji-Allee. Walioshuka garini kuitazama walikuwa wanne. Wanane walibaki vitini wakihesabu yuro.

Halafu tukafika dukani. Hapo hakuna aliyebaki garini! Bangoni tulikaa dakika kumi, kwa mjusi dakika ishirini, dukani saa tatu na nusu. Tulinunua viatu, makoti, manukato na simu. Wawili wetu walinunua pakiti za kahawa iliyoandikwa kwamba imetoka Tanzania, wakawaletea wazee wao zawadi. Kahawa imeondoka kwetu mbichi kwa meli, imerudi imekaangwa kwa ndege, na faida ya kuikaanga imebaki kule kule. Na sisi tulikuwa tumetumwa kusoma ushirika!

Sasa tunafika penye aibu yenyewe. Katika fedha za safari lilikuwamo fungu la kununulia vitabu vya ushirika kwa ajili ya maktaba ya tawi. Uwanjani masanduku yetu yalipita uzito uliowekwa. Fungu lile ndilo lililolipia uzito wa masanduku. Kitabu kilichofika tawini ni kimoja, nacho tulipewa bure.

Wako watakaotutetea waseme: Mbona Wazungu wakija Unguja hununua khanga na vinyago? Ni kweli, na kumnunulia mtoto viatu si dhambi. Lakini mtalii hutumia fedha yake na siku yake. Sisi tulikwenda kwa shilingi ya mkulima na ya mama muuza maandazi, na ile Jumamosi ilikuwa mali yao.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea mbele ya wazao wa Chifu Songea Mbano, akaomba radhi kwa waliyoyatenda Wajerumani. Yeye alikuja kwetu akiwa amejifunza habari za mashujaa wetu. Sisi tulikwenda kwake hatujui jina la mtu aliyesimamia uchimbaji wa mjusi wetu. Mtu wa namna hiyo atadaije mali ya nchi yake? Atakapoulizwa ni mali gani, imetoka wapi, ilibebwa na nani, atajibu nini?

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, asipelekwe mtu ng'ambo mpaka amekaa na wenzake jioni kadha kusoma habari za mahali anakokwenda na za kwao pia. Pili, fedha ya vitabu ishikwe na mtu mmoja na itolewe hesabu yake kwa risiti, nao uzito wa sanduku alipe mwenye sanduku. Tatu, kila msafiri asimame mbele ya tawi katika mwezi mmoja baada ya kurudi, aeleze alichoona, aulizwe maswali na mwanachama yeyote, hata asiyejua kusoma.

Sisi 12 tumekubaliana kurudisha fedha ile, kila mtu fungu lake, kabla ya mkutano wa tawi ujao. Siku hiyo tutasimama. Ninyi mliotutuma, njoni mtuulize.