Samaki Apewe Kinga, Maji Je?

Maji ya mto Kiymbi, pale Bendera, ndiyo yanayozungusha mitambo ya umeme wa Kalemie. Vijito vya milima hiyohiyo ndivyo anavyovitegemea mtu anayetaka kuchimba bwawa la tilapia. Lakini humohumo mashariki mwa Kongo, hadi Misisi kule Fizi, dhahabu huchimbwa kwa mkono, na wachimbaji wadogo hutumia zebaki kunasa chembe zake. Zebaki ikishatua kwenye tope, bakteria wa humo huigeuza sumu inayojikusanya katika nyama ya samaki. Ukimkausha haitoki, ukimchemsha haitoki.

Kinga inayopendekezwa ni probiotiki, yaani bakteria wenye faida wanaochanganywa na chakula cha samaki ili kupunguza sumu hiyo mwilini mwake. Tunaliunga mkono wazo hilo, na ushahidi haupo mbali. Mwanza, Tanzania, wajawazito waliokula mtindi wenye bakteria wa jamii ya laktobasili walikingwa, zebaki na aseniki zisizidi kupanda katika damu yao. Utafiti ulichapishwa mwaka 2014. Kwa watoto wa shule kinga hiyo haikuthibitika, na hilo nalo lisemwe. Tilapia pia wamejaribiwa maabarani: waliolishwa Lactobacillus plantarum walikusanya mwilini kadimiamu, metali nyingine yenye sumu, kwa kiasi kidogo kuliko wasiolishwa. Bakteria hao huishika metali kwenye ukuta wa seli zao, kisha hutoka nayo pamoja na kinyesi.

Sasa tujiulize kinyesi kinaangukia wapi. Bwawani humohumo. Tope lisipozolewa na kutupwa mbali, sumu inabaki kuzunguka kati ya samaki na sakafu ya bwawa. Tena samaki hapati sumu kwa kula tu. Matamvua yake huipokea kutoka majini usiku na mchana. Probiotiki inapunguza, haimalizi.

Tunaliona kosa kubwa kumuuzia mfugaji chakula cha bei chenye probiotiki wakati hakuna aliyempimia maji wala tope. Vipimo vitangulie. Nawe mfugaji wa Bendera, kabla hujanunua mfuko wa kwanza, fuata kijito chako hadi juu ukaone kama kuna anayeosha dhahabu.